Betri ya Kaseti

Fundi wa saa alikigeuzageuza kile kidude mkononi, akamtazama Candide, akacheka kwa pua.

"For your boy, is it?"

"For my husband," Candide alijibu.

Watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walitazamana. Candide aliwaona kwenye kioo cha kibanda, akajifanya hajawaona. Miaka kumi na saba ya ndoa ilikuwa imemzoeza kujifanya. Mumewe, Callixte Habonimana, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, mpakiaji mizigo katika ghala moja la Villawood, jijini Sydney, alikuwa anatunga muziki kwa mashine ya michezo ya watoto: kigemu cha kijivu cha zamani, chenye kioo kidogo cha kijani na vitufe vya kubonyeza kwa vidole gumba. Kuna wanaume wanaokunywa pombe, na kuna wanaofuga njiwa. Wa kwake Mungu alimpa kigemu, na Candide alikuwa ameshamshukuru Mungu kwamba si chupa.

Alichomletea fundi hakikuwa kigemu chenyewe, ila kaseti yake, kile kipande cha plastiki kinachochomekwa kwa nyuma. Nyimbo zilikaa humo. Mwezi mmoja kabla ya kuugua, Callixte alimweleza habari za kaseti hiyo wakiwa jikoni, huku akitia betri ndogo ya duara ndani ya kopo la sukari.

"Hii usiitupe, Mama Lyse. Ni ya kaseti. Ile ya ndani imechoka. Ikizimika, nyimbo zote zimekwenda."

"Zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda tu. Hazirudi."

"Basi si uibadilishe leo?"

"Namsubiri Wainaina."

Maneno hayo Candide aliyashika moja baada ya jingine. Lakini msikilizaji mzuri hushika alichoambiwa. Asichoambiwa atakishika wapi? Callixte hakumwambia kwa nini Wainaina, rafiki yake wa kupiga naye muziki, alikuwa anasubiriwa. Kabla ya kuichomoa betri kuukuu, nyimbo lazima zihamishwe kwanza kwenye kompyuta, na kifaa cha kuzihamishia kilikuwa Quakers Hill, nyumbani kwa Wainaina. Ukiichomoa hivi hivi, hata kwa kufumba na kufumbua, kaseti inasahau kila kitu. Kwa Callixte hilo lilikuwa jambo la wazi, kama kuchambua mchele kabla ya kuupika. Nani anakaa kulisema?

Kisha mwezi wa saba, katikati ya baridi, kiharusi kikamwangusha pale ghalani. Mkono wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukafungwa. Wiki ya nne ya hospitali, Candide alipokuwa anatafuta majani ya chai, alilifungua lile kopo na kuiona betri. Je, kama ile ya ndani imezimika tayari? Mume amepoteza mkono, amepoteza sauti, apoteze na nyimbo?

Angeweza kumpigia Wainaina. Lakini Wainaina alikuwa kwao Nyahururu anamzika mama yake, na mtu aliyefiwa na mama hapigiwi simu kuulizwa habari za betri. Candide alilelewa hivyo, na wewe uliyelelewa vizuri ungefanya vivyo hivyo. Wanasema kuuliza si ujinga. Ni kweli, ila adabu nayo huwa na siku yake ya kumponza mtu.

Isitoshe, betri alizijua. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee, na kila asubuhi alikuwa anabadilisha betri za vifaa vya masikio vya watu kumi na mmoja. Unatoa iliyochoka, unatia mpya, mzee anatabasamu. Alifungua kaseti kwa bisibisi ndogo, akakuta betri ya ndani imeshikizwa kwa risasi ya kuchomelea, ndipo akaamua kuja kwa fundi.

Fundi aliiyeyusha ile risasi, akang'oa ya zamani, akaweka mpya, akafunga. Dakika kumi na mbili. "Good for ten years, easy," alisema, akadai dola ishirini na tano. Betri ya zamani alimrudishia ndani ya kimfuko cha plastiki, na Candide, ambaye hatupi kitu, aliitia ndani ya mkoba.

Aliondoka pale amenyooka mgongo. Kwa wiki tano alikuwa anafanya kila alichoambiwa na madaktari, wauguzi, watu wa bima na watu wa ghala. Hili alikuwa amelifanya mwenyewe, kwa akili yake.

*

"Nimekuletea kitu, Papa Lyse."

Callixte alikuwa ameketishwa kitandani, mto chini ya mkono wa kulia. Binti yao, Lyse, mwenye miaka kumi na tano, alikuwa kwenye kiti cha wageni na simu yake. Callixte alipokiona kigemu, nusu ya uso wake iliyobaki na uhai ilicheka.

"Usiogope, betri nimeshabadilisha," Candide alisema. "Ile ya ndani kabisa, ya kaseti. Niliogopa itazimika ukiwa huku."

Kile kicheko kiliganda pale pale. Callixte aliigeuza kaseti, akaona skrubu yake imekwaruzwa. Alikiwasha kigemu kwa kidole gumba cha kushoto. Kikalia ting, kama kawaida, kioo kikawa kijani. Pale palipokuwa na majina ya nyimbo palikuwa na vistari tu. Alibonyeza ukurasa wa pili, vistari. Wa tatu, vistari.

Nyimbo zao nyingine, yeye na Wainaina walikuwa wamekwisha kuziweka kwenye mtandao. Kuna watu Japani na Sweden waliozisikiliza, watu ambao hawajawahi kuwatia machoni. Hizo hazikumuumiza. Uliomuumiza ni mmoja, ulioitwa "Candide", alioanza kuutunga miaka tisa iliyopita na ambao mwisho wake alikuwa hajaupata. Wenyewe walikuwa na sharti lao, la kipumbavu labda, lakini walilishika kama kiapo: wimbo usioiva haurekodiwi, wala mtu hapewi kuusikiliza. Kwa hiyo haukuwa popote duniani ila humo kwenye kaseti. Na sasa humo haumo.

Aliinua macho. Candide alikuwa amesimama mbele yake, mikono miwili juu ya mkoba, kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shule. Koti lake la kazini lilikuwa na doa la uji wa mzee fulani. Wiki tano hakuwa amemwona mke wake na uso ule.

Mtu mwingine angelia. Mwingine angekitupa kigemu ukutani, na nani angemlaumu? Callixte alivaa visikilizio masikioni. Ndani yake hamkuwa na chochote ila ule mvumo mdogo wa mashine iliyowashwa. Alifumba macho, akaanza kutikisa kichwa taratibu. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kugonga shuka.

"Zinacheza?" Candide aliuliza.

Callixte aliinua kidole gumba.

"Na wangu? Wangu upo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ngoja nisikie kidogo tu, jamani. Kidogo."

Alinyoosha mkono kuchukua kisikilizio kimoja. Callixte akamshika kifundo cha mkono. Midomo yake ilihangaika, mshipa ukamsimama shingoni, mate yakamtoka pembeni. Kisha neno likatoka, limevunjika katikati.

"Ba... do."

Candide alipiga yowe. Lilikuwa neno la kwanza tangu kiharusi. "Umesikia, Lyse? Umesikia baba yako?"

"I heard, Mum. Oh my God, Dad!"

Muuguzi alikuja mbio, akapiga makofi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kilebanoni, naye akapiga makofi. Na lilikuwa neno la kwao kabisa, kwani kila Candide alipouliza habari za wimbo wake, miaka tisa yote, jibu lilikuwa hilo hilo: bado. Alicheka huku anafuta machozi, akambusu mumewe kwenye paji la uso. Callixte aliendelea kugonga shuka kwa vidole, dakika arobaini nzima, anasikiliza mvumo.

*

Wainaina alirudi Sydney kichwa kimenyolewa kwa ajili ya mama yake. Hata hakupita nyumbani kubadilisha nguo. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi hospitali. Mchana mtu huyu alikuwa anakaa ofisini na kompyuta za watu, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia anapiga chiptune, muziki wa vigemu, na ukimuuliza hiyo ni nini ataangalia saa kuona kama muda wa kukueleza upo. Candide alimkuta kwenye korido.

"Shemeji. Pole sana na msiba."

"Asante, shem. Tumeshapoa. Mzee yuko aje?"

"Anaongea! Maneno matatu sasa. Na msiwe na wasiwasi wa nyimbo zenu, ziko salama. Betri nilibadilisha mwenyewe."

Wainaina alisimama. "Ile ya ndani?"

"Ya ndani. Nilimpelekea fundi Bankstown. Ulikuwa msibani, sikutaka kukusumbua."

Watu walipita kati yao wakisukuma kitanda, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati ya Wainaina, maana kilipomaliza kupita alikuwa ameshaupanga uso wake.

"Poa," alisema. "Poa sana, shem. Umefanya poa."

Alimkuta Callixte peke yake. Hawakusalimiana. Callixte alikiinua kigemu, akamwelekezea kioo: vistari.

"Zote?"

Callixte aliitikia.

"Hata hiyo yake?"

Aliitikia tena.

"Na hajui."

Callixte alitikisa kichwa: hajui. Aliweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, kisha akakinyoosha, akakiweka kwenye midomo ya Wainaina.

"Buda, hii ni ngumu," Wainaina alinong'ona. "Unajua siko poa kwa uongo."

Kidole hakikuondoka.

Basi wakakubaliana, na wakapata na mpango. Wao walizoea kupiga kwa vigemu viwili vilivyounganishwa kwa waya. Kigemu kama kile kina sauti nne tu. Cha Callixte kilibeba zile mbili za juu, zinazoimba. Cha Wainaina kilibeba besi na ule mchakacho unaokaa mahali pa ngoma. Kwa hiyo nusu ya wimbo ilikuwa hai, Quakers Hill, kwenye kaseti ya Wainaina.

"Besi iko, ngoma iko," Wainaina alisema. "Wewe niletee melody. Note moja moja. Tutaijenga tena, na shem hatawahi kujua. Sawa?"

"Sa... wa."

Kila Jumamosi mchana, Candide akiwa kazini, Wainaina alikuja na kigemu chake. Callixte aliingiza noti kwa kidole gumba kimoja cha kushoto, mkono uliokuwa haujui kazi hiyo. Noti tatu, nne, kisha anasikiliza, anatikisa kichwa, anafuta. Tatizo halikuwa kidole. Kwa miaka tisa alikuwa ameubadilisha ule wimbo mara nyingi mno, na sasa matoleo yote yalikuwa yamelundikana kichwani mwake, na hakujua tena ni lipi lililokuwa lenyewe. Alijua kwamba palikuwa na moja. Aliwahi kulishika, mwaka wa pili, akaliharibu kwa kulitengeneza.

Wainaina alijaribu kumsaidia, lakini yeye alikuwa mtu wa besi. Miaka yote aliisikiliza nusu yake.

Jumamosi ya tano walikuwa na mistari minane. Callixte aliisikiliza mara mbili, akafuta yote.

"Si... huo," alisema, akageukia ukutani.

Alhamisi iliyofuata, saa ya kifungua kinywa, kiharusi cha pili kilimpiga. Candide alipofika, chai ilikuwa bado ya moto kwenye meza yake.

*

Nyumba ilijaa. Kina mama wa kanisa walileta sufuria zao, wakafagia, wakalala sebuleni. Mkubwa wao, Marie-Jeanne, mwanamke mwema mwenye mdomo usio na mlango, ndiye aliyepanga mambo ya mazishi, na ndiye aliyepanga siku ya kuondoa matanga: ukumbi wa kanisa, wali, nyama, fanta, nguo za marehemu kugawiwa ndugu na marafiki, na watu kusema walivyomjua.

"Na muziki wake upigwe," Candide alisema.

Kina mama waliinama wakachambua maharage kwa bidii iliyozidi maharage yenyewe.

"Ule wa pi-pi-pi?" Marie-Jeanne aliuliza. "Chérie, mbele ya pasteur?"

"Ule ule."

"Watu watacheka. Tunataka wamkumbuke kama baba wa watu."

"Kwani mlipokuwa mnaniuliza kama mume wangu bado anacheza gemu, mlikuwa hamcheki?" Sauti ya Candide haikupanda. "Nilikuwa naona haya na mimi. Nilikuwa nafunga mlango wageni wakija, wasimsikie. Lakini alipoanguka, zile nyimbo nilizinusuru mimi. Mikono hii. Mungu alinipa nafasi ya kumfanyia jambo moja na nilifanya. Upigwe."

Jioni alimpigia simu Wainaina.

"Shem, kuna zile za online," Wainaina alisema haraka. "Ziko clean kabisa. Nitaleta tatu."

"Nataka wangu."

"Haukuisha ule."

"Na yeye si ndio kaisha? Upigwe hivyo hivyo ulivyo."

"Ni vile... cable iko na shida kidogo."

"Nunua nyingine, nitakulipa."

"Si pesa, shem."

"Sasa ni nini? Unaona haya? Shemeji, ule wimbo una jina langu. Miaka tisa naambiwa bado. Mwenyewe amekwenda, na wewe unaninyima? Nimekukosea nini?"

Wainaina alikuwa ameketi ndani ya gari, nje ya nyumba yake, injini imezimwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi ukishavunjika, kata inabaki peke yake na maji hayana pa kurudi. Akimwambia ukweli, atamvunja mjane kabla ya arobaini. Asipomwambia, mjane ataamini kwamba rafiki wa mumewe ni mchoyo.

"Hujanikosea," alisema. "Nitakuja nao."

*

Siku ya kuondoa matanga mvua ilinyesha tangu asubuhi. Pasteur, mchungaji wao, aliomba. Nguo ziligawiwa: suti kwa shemeji mmoja kutoka Wollongong, viatu kwa jirani, na lile koti la ghalani lenye mistari inayong'aa Lyse akaling'ang'ania, akalivaa papo hapo juu ya gauni lake. Kigemu hakikugawiwa. Candide alikuwa amekiweka mezani mbele ya ukumbi, juu ya kitambaa cheupe.

Wainaina alisogea mezani. Alikiunganisha kigemu chake na kile cha marehemu kwa waya, akaviwasha vyote viwili, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, kisha akapeleka sauti kwenye spika za kanisa. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba watu hawa hawajui muziki huu, hawatagundua. Akabonyeza.

Dum. Dum-dum. Chsh. Dum. Dum-dum. Chsh.

Besi ilitembea peke yake ukumbini kama mtu anayetembea kwenye nyumba iliyohamwa. Palipokuwa na nafasi ya kuimba, palikuwa kimya. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Pasteur alikohoa. Marie-Jeanne aliyatazama magoti yake.

Candide aliwaona wanavyohangaika, na mwanzoni alidhani hawauelewi tu. Basi akasimama kuwasaidia. Akaanza kuimba.

Hakuwa na maneno, kwani wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Aliimba la-la, kwa sauti ya mtu anayepika. Hivyo ndivyo alivyoujua: kupitia ukuta wa jikoni, juu ya sauti ya mafuta na ya bomba la maji, jioni baada ya jioni, hadi ukamwingia bila yeye kuualika. Na hakuujua kwa yale mabadiliko ya baadaye. Alishika ule wa mwaka wa pili, kwa sababu huo ndio aliokuwa ameupenda, ingawa hakumwambia mtu. Sauti yake iliingia kwenye zile nafasi moja baada ya nyingine, na kila nafasi ilimtosha sawasawa. Watu walisahau hata kuisikia mvua.

Wainaina alishika meza. Ulikuwa huo. Mtu wa besi anaweza asiujue wimbo, lakini ukija kukaa juu ya besi yake mahali pake, anaujua. Jumamosi tano Callixte aliutafuta huu hadi akageukia ukutani, na muda wote ulikuwa Bankstown, jikoni kwake mwenyewe, unachemsha maji.

Candide alifika pale wimbo ulipokuwa unakatika kila siku, naye akakomea hapo. Alikuwa anatabasamu. Akamgeukia Wainaina.

"Sasa ongeza yake, shemeji. Ya kwake haisikiki."

Wainaina hakugusa kitu.

"Ongeza ya kwake."

Macho yake yalitoka kwa Wainaina yakaenda kwenye kigemu cha mumewe, juu ya kitambaa cheupe. Kilikuwa kimewaka. Kioo kilikuwa cha kijani, na juu yake, pale alipozoea kuona majina ya nyimbo, palikuwa na vistari, kutoka kushoto hadi kulia.

*

Candide alimfuata Wainaina hadi jikoni mwa ukumbi, akafunga mlango.

"Ni mimi?"

"Shem..."

"Ni ile betri. Ni mimi?"

Wainaina aliitikia kwa kichwa. Alimweleza kwa ufupi: ya zamani haichomolewi kabla ya kuhamisha. Candide alisikiliza vizuri, kama kawaida yake. Kisha akafungua mkoba, akapekua, akatoa kimfuko cha plastiki. Ndani yake mlikuwa na ile betri kuukuu.

"Hii ndiyo iliyokuwa inazitunza," alisema. "Sikuitupa. Labda zimo humu. Wewe ni mtu wa kompyuta, jaribu."

Ile ilikuwa betri tu. Haina kumbukumbu, haina sauti, ina moto kidogo ambao nao umekwisha. Wainaina alikipokea kile kimfuko kwa mikono miwili.

"Wacha niende nayo. Nitaiangalia. Huwezi jua..."

"Usinidanganye na wewe," Candide alisema. "Mmoja ametosha."

Akainyang'anya betri mkononi mwake. Alikaa juu ya kreti la fanta.

"Alijua lini?"

"Siku ile ile uliyompelekea."

"Siku aliyoongea."

"Hiyo hiyo."

Candide alikumbuka vile vidole vikigonga shuka dakika arobaini. Alikumbuka alivyowapigia simu watu kumi usiku huo kuwaambia. Aliigeuzageuza ile betri kiganjani, na Wainaina, kwa kushindwa kumtazama, akasema lile ambalo pengine angelinyamazia.

"Alikuwa anautafuta tena. Kila Saturday, ukiwa job. Tulitaka kuujenga upya usijue. Hakukumbuka melody. Ile uliyoimba sasa hivi, shem, ndiyo alikuwa anatafuta. Ndiyo yenyewe."

Candide aliinua kichwa.

"Hii?"

"Hiyo."

"Mlikaa pale Jumamosi ngapi?"

"Tano."

Nje Marie-Jeanne alikuwa anaulizia chai ya wageni. Candide alisimama, akashika trei, akairudisha mezani.

"Mngeniuliza," alisema. "Mngeniuliza tu, shemeji. Ningemwimbia. Pale pale kitandani, mbele ya yule mzee wa Kilebanoni, mbele ya kila mtu. Ningemwimbia."